Jinsi ya Kukuza Miche ya Miti katika Udongo Duni wa Kando ya Barabara

Mche unapokauka kando ya barabara, lawama ya kwanza huangukia ukosefu wa mbolea na ya pili huangukia mvua. Mara nyingi sababu yenyewe ni nyingine: udongo umeshindiliwa kiasi kwamba mizizi haipati hewa wala pa kupita, na mbolea inayomwagwa juu yake haimfaidishi mtu, kwa kuwa hakuna mizizi iliyotawanyika ya kuifuata. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ardhi, unatumia nafasi kubwa kuieleza, na unaigusa mbolea mwishoni tu.

Kwa nini udongo huu ni mgumu

Barabara inapojengwa, tabaka la juu la udongo, ambalo ndilo lenye mboji na viumbe hai wengi, huondolewa kwa sababu halifai kubeba uzito. Kinachobaki pembezoni ni udongo wa chini uliochanganyika na kokoto, vipande vya zege na mabaki ya lami, nao hupitiwa na mashine nzito mara nyingi kabla kazi haijakabidhiwa. Udongo wenye afya una nafasi tupu zinazokaribia nusu ya ujazo wake, na nafasi hizo hugawanywa baina ya maji na hewa. Kinachopotea kwanza udongo unaposhindiliwa ni zile nafasi kubwa zinazopitisha hewa na kuondoa maji ya ziada, huku zile ndogo mno, ambazo hushikilia maji kwa nguvu kupita uwezo wa mizizi kuyavuta, zikibaki na hata kuongezeka. Ndiyo maana udongo wa namna hii hutuamisha maji mvua inaponyesha na kuwa mgumu kama tofali jua linapowaka wiki moja.

Mizizi hupumua kama sehemu nyingine hai za mti. Inahitaji oksijeni ili ipate nguvu ya kukua na ya kufyonza madini, na inapokaa ndani ya maji yaliyotuama kwa siku nyingi huanza kuoza, ijapokuwa majani ya juu yanaweza kuonekana kana kwamba yana kiu. Vilevile ncha ya mzizi haina uwezo wa kutoboa kila kitu. Kwa mimea mingi, ukinzani wa udongo unapofikia takriban megapaskali 2 (megapaskali ni kipimo cha shinikizo), mizizi hukaribia kusimama kabisa, au hugeuka na kufuata ufa wowote uliopo.

Zege na vumbi la saruji huleta tatizo la pili, kwa kuwa huongeza chokaa na kuufanya udongo uwe wa alikali. Pale ambapo pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, imepita 7.5, madini ya chuma, manganizi na fosforasi yanaweza kuwapo ardhini kwa wingi na bado mche ukayakosa, kwa sababu yamefungwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyachukua. Kuongeza chokaa mahali kama hapo, jambo ambalo hufanywa kwa mazoea tu, ni kuzidisha ugonjwa.

Tatizo la tatu ni joto na uchafu. Lami iliyopigwa na jua kali inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na joto hilo huukausha udongo wa ukingoni upesi. Mvua nayo huosha mafuta, zinki ya matairi na shaba ya breki na kuvipeleka pembezoni. Risasi iliyotoka katika petroli ya zamani ingali ardhini katika barabara nyingi kongwe, kwa kuwa metali haiozi. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Miti mingi huvumilia viwango vya kawaida vya uchafu huu, lakini si busara kupanda ukingoni mwa barabara yenye magari mengi mti ambao watu watachuma majani yake kwa chakula.

Pima kwanza

Siku moja au mbili baada ya mvua, chukua nondo nyembamba au fimbo ya chuma na uisukume ardhini kwa mikono miwili bila kuigonga. Ikizama sentimita 30 bila taabu kubwa, udongo huo una matumaini. Ikikwama kwenye sentimita 5 au 10 katika sehemu nyingi, tatizo lako kuu ni kushindiliwa, na hutaliondoa kwa kuchimba kishimo chembamba. Rudia jaribio hilo sehemu kadhaa, maana kokoto moja inaweza kukudanganya.

Kisha chimba shimo la majaribio lenye kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yanywewe, na ulijaze tena. Ni mara hii ya pili inayohesabika, kwa sababu udongo mkavu hunywa maji ya kwanza upesi kuliko kawaida yake. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, hali ni nzuri kwa miti mingi. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, panga kupanda juu ya tuta au chagua aina inayovumilia maji yaliyotuama, na yakitoweka ndani ya dakika chache, tarajia kwamba kazi kubwa itakuwa kumwagilia.

Mtu anayetaka kujua zaidi anaweza kutikisa kiasi cha udongo ndani ya chupa ya kioo yenye maji na kuiacha itulie: mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, chembe za kati huchukua saa chache, na mfinyanzi hutua baada ya siku nzima au zaidi, hivyo unene wa kila tabaka unaonyesha uwiano wao. Matone ya siki yakitoa mapovu juu ya udongo mkavu, chokaa ipo ya kutosha. Vipimo vya maabara ni bora kuliko hivi, lakini kwa mistari michache ya miti hivi vinatosha kuamua la kufanya.

Mahali pa kupanda

Ukingo wa barabara kwa kawaida ni eneo la hifadhi ya barabara, kwa hiyo ruhusa ya mamlaka husika huombwa kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, na kwa ruhusa hiyo utapata kujua mabomba na nyaya za ardhini zilipopita. Epuka makutano, kona na vivuko, ambako mti utaziba macho ya madereva. Usipande ndani ya mtaro wala chini ya nyaya za umeme. Mti wa shina nene ukiwa karibu mno na njia ya magari ni hatari kwa gari litakaloacha njia, hivyo uachie umbali unaoelekezwa na mamlaka hata kama udongo wa karibu na lami unaonekana kuwa bora zaidi.

Kufungua udongo

Hii ndiyo sehemu ya kutumia jasho, na ni heri kupanda miche kumi katika ardhi iliyofunguliwa ipasavyo kuliko mia moja katika vishimo vya haraka. Kazi ifanywe udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Finyanga donge mkononi: likikatika vipande kwa kubonyezwa kidogo, anza kazi, likinyooka kama utepe na kung'aa, subiri likauke, kwa kuwa kulima mfinyanzi ulioloa ni kuushindilia upya.

Fungua eneo pana badala ya shimo lenye kina kirefu. Mizizi mingi inayofyonza maji na madini hukaa katika sentimita 30 hadi 60 za juu, nayo husambaa mbali kuliko kivuli cha matawi, kwa hiyo mduara wenye upana wa mita 1.5, uliovunjwa kwa sururu na mtaimbo hadi sentimita 45, humfaa mche kuliko kisima chembamba cha mita moja kwenda chini. Mahali ambapo miti ni ya mstari, ni bora zaidi kufungua ukanda mmoja unaoendelea, ili mizizi ya mti mmoja iweze kuingia katika nafasi ya mwingine. Ondoa vipande vya zege na plastiki. Mawe ya kawaida yanaweza kubaki, kwani hupitisha maji pembeni yake. Kuta za shimo lililochimbwa kwa koleo katika mfinyanzi huwa laini kama zilizopigwa lipu, na mizizi ikizifikia huzunguka badala ya kupenya, basi zikwaruze na kuzitoboa kwa ncha ya sururu.

Changanya mboji iliyoiva au samadi iliyooza kabisa katika eneo lote ulilofungua, kwa kadiri ya sehemu moja ya mboji kwa tatu au nne za udongo. Kosa la kawaida ni kujaza shimo dogo kwa udongo mzuri kutoka kwingine na kuacha pembezoni palivyokuwa. Mche hustawi kwa msimu mmoja ndani ya mfuko huo wa neema, kisha mizizi hugonga ukuta, na mvua kubwa inapokuja maji hukusanyika humo kama ndani ya ndoo. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga, nayo isitumike.

Kuna dawa mbili ambazo hupendekezwa sana kuliko zinavyostahili. Mchanga kidogo ukitiwa ndani ya mfinyanzi hauufungui, kwa sababu chembe za mfinyanzi hujaza nafasi baina ya punje za mchanga na mchanganyiko ukawa mgumu kuliko awali. Jasi nayo husaidia udongo uliojaa sodiamu. Katika udongo ulioshindiliwa tu na mashine, haifanyi kazi ya sururu.

Ukimaliza, acha ardhi ipate mvua moja au mbili, au imwagilie na uiache wiki kadhaa, ili itulie kabla ya kupanda. Udongo uliofunguliwa leo na kupandwa leo hushuka, na mche hujikuta umezama chini ya usawa wake, shina likiwa limefukiwa na maji yakilizunguka.

Pale maji yanaposhuka polepole, jenga tuta la kimo cha sentimita 20 hadi 30 lenye miteremko mipole, upande juu yake. Pale panapokauka upesi fanya kinyume: chimba kingo za nusu duara, mdomo wake ukielekea upande wa juu wa mteremko, ili maji ya mvua yanayotiririka yakamatwe na kuzama karibu na mche. Maji yanayotoka moja kwa moja juu ya lami hubeba mafuta, hivyo yale ya dakika za mwanzo baada ya kiangazi kirefu ni afadhali yapite mtaroni.

Kuchagua mche

Mche mrefu hupendeza machoni, lakini katika udongo mgumu mara nyingi mfupi humshinda. Majani hupoteza maji kwa kadiri ya ukubwa wake, na mizizi iliyobanwa ndani ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, haiwezi kulisha kimo cha mita mbili mahali penye upepo wa malori na joto la lami. Chagua mche wa sentimita 30 hadi 50, wenye shina lililoanza kuwa gumu na kuota matawi kwa uwiano, na mizizi myeupe inayoonekana pembeni ya donge bila kulizunguka. Mizizi iliyojiviringisha chini ya kiriba haijinyooshi yenyewe baada ya kupandwa. Huendelea kuviringika, na miaka kadhaa baadaye inaweza kulinyonga shina. Katika wiki nne hivi za mwisho kitaluni, miche ipunguziwe kivuli na maji hatua kwa hatua, ili majani yake yakomae kabla ya kukutana na jua la wazi.

Kuhusu aina, tafuta kwanza miti ya asili inayoota yenyewe kwenye machimbo ya kokoto, kingo za reli na miteremko iliyokatwa katika eneo lako, maana hiyo imekwisha kufaulu mtihani unaoandaa. Miti mingi ya jamii ya mikunde, kama migunga, hushirikiana na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi na kugeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, na mvinje hufanya hivyo kwa msaada wa bakteria wa kundi jingine. Mwarobaini huvumilia ukame na udongo wenye chokaa, lakini hauvumilii maji yaliyotuama. Lusina hukua upesi mno katika udongo duni, ila husambaa na kuvamia ardhi ya jirani katika nchi nyingi za joto, kwa hiyo sifa yake ya kukua haraka isikushawishi kabla hujajua hali yake mahali ulipo.

Udongo uliokwanguliwa huwa pia umepoteza kuvu wale wanaoungana na mizizi na kuisaidia kufikia fosforasi na maji. Konzi mbili au tatu za udongo kutoka chini ya mti mkubwa wenye afya wa aina ileile, zikichanganywa katika udongo wa kitaluni au kuwekwa karibu na mizizi siku ya kupanda, zinaweza kuwarudisha kuvu hao pamoja na bakteria. Usichukue udongo huo chini ya mti unaougua.

Kwa aina zenye mzizi mkuu unaoshuka haraka, kupanda mbegu papo hapo ni njia isiyotumiwa vya kutosha. Mzizi ambao haujawahi kubanwa wala kukatwa huingia ndani zaidi ya ule wa kiriba, ingawa utapoteza mbegu nyingi kwa ndege, panya na ukame, na kwa hiyo utaweka mbegu tatu au nne kila kituo na baadaye kubakiza mche mmoja. Mbegu za mikunde zenye ganda gumu hutiwa katika maji yaliyochemka na kuepuliwa motoni, kisha huachwa humo hadi siku ya pili. Zilizovimba hupandwa mara moja.

Kupanda

Panda mwanzoni mwa mvua, udongo ukiwa umelowa hadi chini, jioni au siku ya mawingu. Mwagilia mche ungali ndani ya kiriba, kisha kichane na kukiondoa chote. Desturi ya kukata kitako tu na kuufukia mche na plastiki yake huifunga mizizi ya pembeni, ambayo ndiyo inayohitajika zaidi hapa. Mizizi inayozunguka ikatwe kwa kisu kikali au inyooshwe kwa vidole. Weka mche ili shingo yake, yaani mahali shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi au juu kidogo, rudisha udongo, ubonyeze kwa mikono, na umwagilie polepole ili mianya izibwe na maji. Kukanyaga kwa kisigino ni kurudisha ulichokiondoa kwa sururu.

Tandaza matandazo ya majani makavu, nyasi au vipande vya matawi kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 katika mduara wa mita moja, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina ili lisioze wala kuficha mchwa na panya. Matandazo hupunguza joto, huzuia ganda gumu lisitengenezwe na matone ya mvua, na yanapooza hulisha minyoo ambayo huendelea kufungua udongo bila malipo. Kama ningelazimika kuchagua kati ya gunia la mbolea ya viwandani na mkokoteni wa majani makavu, ningechukua majani.

Miaka miwili ya mwanzo

Mwagilia kwa wingi mara chache kuliko kidogo kila siku. Lita 10 hadi 20 kwa wiki zinazomwagwa taratibu huzama na kuivuta mizizi kwenda chini, lakini kikombe cha kila jioni huiita juu, mahali panapochomwa na joto. Kabla ya kumwaga, ingiza kidole au kijiti chini ya matandazo. Penye unyevu kwa sentimita 5 hadi 10 paache.

Ng'oa nyasi ndani ya mduara kwa mkono, maana nyasi hunywa maji mengi kuliko mche, na waelekeze wanaofyeka pembezoni wasikaribie, kwa kuwa jeraha moja la mashine kuzunguka gamba hukata njia ya chakula kati ya majani na mizizi. Mbuzi na ng'ombe huzuiliwa kwa matawi ya miiba au uzio mdogo. Vijiti vya kushikizia mche vitumike tu pale upepo unapouangusha: funga kwa kamba laini, chini ya nusu ya kimo, ukiuachia nafasi ya kuyumba, kwani shina huongezeka unene kwa kuyumba huko, na uviondoe ndani ya mwaka mmoja.

Mche unaweza kukaa msimu mzima bila kuongezeka kimo ilhali unajenga mizizi, na kumtilia mbolea ya nitrojeni katika kipindi hicho ni kumlazimisha aote majani ambayo hana uwezo wa kuyanywesha. Ngoja hadi machipukizi mapya yaonekane, kisha usome majani. Majani ya zamani yakigeuka manjano kwanza, nitrojeni imepungua, na tabaka la mboji juu ya ardhi mara nyingi hutosha. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, fikiria chuma kilichofungwa na chokaa, na hapo mboji zaidi au aina nyingine ya mti itasaidia kuliko mbolea ya kawaida. Majani yaliyofunikwa na vumbi zito huoshwa, kwa kuwa vumbi huzuia mwanga.

Mche ukifa, usiweke mwingine katika shimo lilelile kabla hujaufukua ule wa kwanza. Mizizi iliyobaki na umbo la kiriba inaonyesha kwamba haikuweza kutoka, na eneo linahitaji kufunguliwa upya kwa upana. Mizizi myeusi yenye harufu mbaya imezama majini, na kitakachofuata kipandwe juu ya tuta. Ikiwa imesambaa vizuri lakini imekauka, maji hayakutosha au matandazo yalikuwa membamba, na ikiwa imetafunwa, shughulika na mchwa au panya kabla ya kuleta mche mpya.